Nakala Mbili za Consolata

Mtu akikupigia simu asubuhi akakwambia kompyuta yake imepotea, usikimbie. Kompyuta iko hapo mbele yake, na pengine ameiwekea kikombe cha chai juu. Kilichopotea ni kazi ya jana. Mwache aseme mpaka amalize, kisha umwulize jana alikuwa wapi. Swali hilo dogo lilinichukua miaka mingi kulijua, na nililijua kwa njia mbaya, kwa hivyo ninyi mnaoingia kazi hii sasa lichukueni bure.

Mimi nimestaafu. Nakaa Ruiru upande wa Kiuu, nina kuku wachache na goti moja linalofanya kazi. Watu wakiniuliza nilikuwa nafanya nini huko Thika miaka yote hiyo, nawaambia nilikuwa mpatanishi, na wao wanadhani ni mambo ya kanisa. Mke wangu ndiye huwaeleza. "Huyu alikuwa anapatanisha kompyuta zikikosana," anasema, halafu wananiangalia kwa huruma na kuniongezea chai.

Lakini ndiyo kazi yenyewe. Shirika letu lilikuwa la afya ya jamii, ofisi kubwa Thika, ofisi ndogo Ruiru. Kompyuta ya mfanyakazi haikuwa mezani kwake. Kila kitu chake, mafaili, barua, hata picha ya mtoto aliyoiweka mbele, kilikaa ndani ya seva huko Thika, kwenye chumba cha baridi ambacho nilikivalia sweta Januari mpaka Disemba. Mezani alikuwa na kioo cha kukitazamia tu. Hiyo ndiyo tuliita desktop yake. Akiketi Ruiru anaiona, akija Thika akiketi meza yoyote anaiona ileile. Mpaka hapo hakuna aliyelalamika.

Shida ilikuwa kwa wale wanaokwenda mahali hakuna mtandao. Hao tuliwakatia nakala ya desktop, tukaiweka ndani ya laptop, wakaenda nayo. Ile iliyobaki Thika tuliiita ya nyumbani, na ikafungwa kufuli ili mtu asiiguse mpaka ya safari irudi. Mwenyewe akirudi, anaunganisha laptop, ya safari inaimwagia ya nyumbani yale mapya, kufuli linafunguka, watu wanaendelea na maisha. Hivyo ndivyo kitabu cha maelezo kilivyosema. Kitabu kiliandikwa na watu ambao hawajafika Ruiru.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bi. Achieng', mama mmoja mwenye maneno machache sana. Siku yangu ya kwanza alinipa mawili. "Kabla hujafuta kitu, piga nakala. Na kabla hujapiga nakala, enda choo." Nikacheka. Yeye hakucheka. Siku ya pili nikaelewa, kwa sababu kupiga nakala ya desktop moja kulichukua saa tatu nzima, na ukitoka nje ikakwama, hujui imekwama wapi, unaanza upya. Lile la choo nimelishika mpaka leo. Lile la kwanza nililiacha siku moja tu, na siku hiyo ndiyo imenifanya niandike haya.

Sitaki mdhani hilo lilikuwa kosa langu pekee. Kuna wakati ofisi ya Ruiru ilikataa kupatana na Thika siku tatu mfululizo. Nilibadilisha waya. Nikabadilisha waya wa pili. Nikapanda juu ya meza nikaangalia dari, sijui nilikuwa natafuta nini huko. Siku ya tatu nimekaa chini nimechoka, nikaona saa ya ukutani imetangulia ya mkononi mwangu kwa dakika ishirini. Nikaangalia laptop zote: dakika ishirini mbele, kila moja. Sasa, seva haiongei na mtu ambaye saa yake inapishana na yake zaidi ya dakika tano. Inamwona kama mwizi, inafunga mlango.

"Nani amesogeza hizi saa?" nikauliza.

"Ni mimi, Baba Wanja," Mama Kui akasema. "Watu walikuwa wanachelewa. Nikasema niwasaidie."

Huyo Mama Kui lazima mmjue, kwa sababu bila yeye hakuna hadithi. Alikuwa mapokezi Ruiru, na roho yake ilikuwa nzuri kupita kiasi. Kila kitu ofisini alikishonea kitambaa: simu ya mezani, birika, kabati la mafaili. Hata kile kisanduku kinacholeta mtandao alikishonea, cha rangi ya maziwa na maua pembeni. Kikawa kinapata joto na kuzima kila siku saa saba mchana. Nilikuja kutoka Thika nikakitoa kile kitambaa, nikamweleza pole pole kwamba mashine inahitaji hewa. Akaelewa vizuri. Wiki iliyofuata nikakuta kingine, chenye matundu makubwa zaidi.

"Hiki kinapumua," akaniambia.

Na chini ya kitambaa cha simu aliweka karatasi. Ilikuwa na majina ya watu wote wa ofisi, na mbele ya kila jina, neno lake la siri. Ati mtu akisahau asiteseke. Niliiona karatasi hiyo kwa macho yangu. Nilipaswa kuirarua papo hapo. Badala yake niliketi nikanywa chai yake, kwa sababu ilikuwa na tangawizi na mimi nilikuwa nimetoka mbali.

Sasa sikieni jinsi nilivyokuwa nikipatanisha. Nakala mbili zikitofautiana, mashine haiamui yenyewe. Inakuuliza wewe: nifuate ya nyumbani au nifuate ya safari? Ukichagua moja, nyingine inafunikwa, imekwenda. Na mimi kwa miaka mingi nilikuwa nimeona laptop za safari zimerudi na mambo yake. Moja ilirudi imenyeshewa. Moja ilirudi imejaa michezo ya watoto. Moja ilirudi na video ya harusi ya saa nne, na hapakuwa na nafasi ya kitu kingine chochote. Kwa hivyo nilijiwekea sheria: fuata ya nyumbani. Nikaiandika kwa herufi kubwa nikaibandika ukutani juu ya meza yangu: SEVA HAIDANGANYI. Wageni wakija niliwaonyesha.

Ndipo tukaletewa meneja mpya, Bwana Mwaura. Kijana msafi, shati limepigwa pasi mpaka mikono. Yeye alitaka ripoti moja tu kila asubuhi: nani amefungua desktop yake kabla ya saa mbili. Jina lako halimo, hukuja kazini. Nilimweleza kwamba walio safarini hawafungui kwenye seva, wanafungua ile nakala waliyobeba, kwa hivyo ripoti haitawaona. Akasema ataliangalia. Nadhani bado analiangalia.

Consolata alikuja wakati huo. Alitoka pande za Busia, akapanga chumba huku Kiuu, akapewa mkataba wa miezi mitatu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka Theta nyumba kwa nyumba, kule watu walikokuwa wakijenga upya kwenye mashamba, aandike nani ana mimba, nani ana mtoto mdogo, mtoto gani hajapata chanjo. Wiki tano. Orodha ikikamilika, anaajiriwa kabisa. Isipokamilika, mkataba unaisha na anarudi kwao. Alikuwa ameacha watoto wawili kwa mama yake, na kila mtu Ruiru alijua anangoja barua hiyo ndipo awalete.

Mimi sikumwona. Laptop yake ilipelekwa na dereva, nakala nikaikata nikiwa Thika. Theta siku hizo ukitaka mtandao unasimama juu ya kiti, na kiti chenyewe kiwe juu ya kilima.

Siku ya pili tu, kabla ya saa mbili, simu ikalia.

"Halo, fundi. Ni Consolata wa Ruiru. Desktop yangu imefungwa."

"Si uko safarini?"

"Nimepita ofisini kidogo. Nifungulie tu."

Nikamfungulia. Mnajua kufungua kufuli maana yake nini? Ni kuiambia seva kwamba ile nakala ya safari imekufa, isingojwe tena. Mashine yenyewe iliuliza, kwa heshima, "Una hakika?" Nikabonyeza ndiyo. Nilikuwa na hakika. Nimekuwa na hakika kila siku ya maisha yangu ya kazi.

Jioni, Consolata akienda madukani kuchaji laptop, ile nakala ikinusa mtandao kidogo ilikuwa inaijulisha seva kwamba iko hai. Seva inafunga kufuli tena. Kesho yake asubuhi, simu tena. "Halo, fundi. Ni Consolata. Imefungwa." Wiki ya kwanza hivyo, ya pili hivyo. Tukazoeana. Alinisalimia vizuri, akaniuliza mvua Thika imenyesha. Wiki ya tatu akaniuliza goti linaendeleaje. Sikujiuliza amejuaje habari za goti langu. Nilijiambia huyu ni msichana aliyelelewa na watu.

Ijumaa ya wiki ya tano akamaliza Theta. Saa tatu asubuhi laptop yake ikaunganishwa Ruiru, na mimi huku Thika nikaona swali kwenye kioo. Ya nyumbani: imefunguliwa leo, kabla ya saa mbili. Ya safari: mara ya mwisho jana jioni. Nifuate ipi?

Bi. Achieng' alikuwa amestaafu. Kama angekuwa pale angesema, piga nakala. Lakini nakala inachukua saa tatu nzima, na Bwana Mwaura alikuwa ameniita Ruiru saa nne kwa mkutano, nilete ripoti zangu. Na ya nyumbani ilikuwa mpya kuliko ya safari, na ukutani palikuwa na maandishi. Nikabonyeza ya nyumbani. Ikaanza kushuka kwenda Ruiru, kuifunika ile ya safari, pole pole jinsi mtandao wa Ruiru ulivyokuwa. Nikaenda choo, nikaondoka.

Ofisini kwa Bwana Mwaura nilimkuta Mama Kui anagawa chai. Kando ya mlango aliketi mwanamke ambaye sijawahi kumwona, viatu vimejaa udongo mwekundu, amekumbatia mkoba mtupu wa laptop. Sikuambiwa ni nani, na Bwana Mwaura hakuchelewa.

"Consolata," akasema, akimtazama yule mwanamke, "ripoti inaonyesha umefungua kompyuta kila siku kabla ya saa mbili, wiki tano. Hujakosa hata siku moja. Hongera. Na kwa wiki hizo tano hukuandika hata jina moja. Unafungua, unakaa. Nieleze."

"Niliandika," akasema. "Nyumba zote. Ziko kwa laptop."

"Fundi?"

Mimi nikakohoa kidogo, kama mtu anayeombwa kuomba mezani. "Kilichoko kwenye seva ndicho kilichoko," nikasema. "Seva haidanganyi."

"Basi hatuna la zaidi," akasema Bwana Mwaura. "Mkataba utaisha mwisho wa mwezi."

Consolata hakulia. Alishika ule mkoba kwa nguvu na kuangalia viatu vyake. Mimi nikaona vibaya. Tulikuwa tumeongea wiki tano, na kwangu alikuwa kama mtoto wa rafiki. Nikamgeukia nikamwambia kwa upole, "Lakini Consolata, si sisi tunaongea kila asubuhi? Kama kuna shida, si ungeniambia?"

Akaniinulia macho. "Mimi na wewe?"

"Ndiyo. Kila siku, kabla ya saa mbili. Hata goti umeniuliza."

"Mzee, mimi sikujui," akasema. "Namba yako sina. Goti gani?"

Mama Kui akaweka birika chini. Akaliweka taratibu sana, na mimi nikamwangalia, na yeye akaangalia dirishani. Nilikuwa nimekunywa chai ya huyo mama miaka sita. Sauti ile nilikuwa naijua kuliko ya shemeji zangu. Kila asubuhi nilikuwa nimeisikia kwenye simu ikijiita Consolata, nikaiitikia.

Niliogopa. Nawaambia waziwazi, kitu cha kwanza nilichofikiria hakikuwa Consolata. Nilifikiria barua yangu ya kustaafu, jinsi ilivyokuwa imebakisha muda mfupi. Halafu nikakumbuka kile kitufe. Nikakumbuka kwamba nimekibonyeza saa tatu, na saa hii ni saa nne na robo, na kwamba hapo mapokezi kuna laptop inafunikwa.

Nikakimbia. Goti likakataa, nikakimbia na lile lingine. Laptop ilikuwa kwenye meza ya Mama Kui, juu ya kitambaa, na mstari ulikuwa umefika theluthi. Sikubonyeza kitu, sikutaka kuulizwa tena kama nina hakika. Nikashika waya nikauvuta, pamoja na kitambaa na kalamu zilizokuwa hapo. Miaka yote nilikuwa nimeulaani mtandao wa Ruiru kwa kuwa mzito. Siku hiyo niliusamehe.

Nikarudi ndani nikasimama. "Ni mimi," nikasema. "Desktop ya Consolata ilikuwa na kufuli. Nimelifungua kila asubuhi wiki tano, na kila nikilifungua nilikuwa naiambia seva kwamba kazi yake imekufa. Na leo nimeanza kuifuta yenyewe. Sikumwuliza mtu."

"Ulikuwa unamfungulia nani?" Bwana Mwaura akauliza.

"Mtu alipiga simu. Sikuuliza ni nani."

Hiyo ilikuwa kweli, na ilikuwa pia njia ya kumwacha Mama Kui apite. Hakupita.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa namshikia."

"Unamshikia nini?"

"Wewe ulisema mtu asiyekuwa ndani saa mbili hayuko kazini. Na yeye yuko Theta, kule kwa matope, hayuko kwa hiyo kitu yako. Nikaona atafutwa kazi. Nikawa namfungulia kompyuta, asomeke amekuja. Neno lake la siri ninalo. Sikugusa kitu, Ngai, Mungu wangu, nilikuwa nafungua tu na kufunga."

Consolata ndiye aliyesema, na alisema bila kupaza sauti.

"Nani alikuambia unishikie?"

"Nilitaka kukusaidia, mama."

"Anayeshikiwa ni yule hayuko kazini. Mimi nilikuwa kazini. Nimetembea mpaka kucha zikatoka. Hata siku moja hukunipigia kuniuliza." Akageuka kwangu. "Na wewe pia. Umeongea na mimi wiki tano na mimi siko."

Bwana Mwaura alichukua kikombe chake cha chai akakuta ni kitupu, akakinywa hivyo hivyo.

Laptop niliibeba mwenyewe mpaka Thika, nimeishika mapajani kama yai. Nikaenda choo, nikapiga nakala, saa tatu, sikuinuka. Ndipo nikaanza kutoa kilichobaki, faili moja baada ya lingine. Karibu yote yalikuwa salama. Kilichokuwa kimefunikwa ni kazi ya wiki ya mwisho, nyumba thelathini na moja za kule chini karibu na mto. Nyumba hizo zilikuwa zimekwenda, na ninyi msidanganywe na mtu kwamba kila kitu hurudi. Kilichofunikwa kimefunikwa.

Bwana Mwaura alimpa Consolata mpaka Ijumaa nyingine akamilishe orodha. Mimi nikachukua siku zangu za likizo nikaenda naye. Hakuna aliyenituma. Nilimkuta madukani Theta saa moja asubuhi, akaniangalia goti, akasema, "Kumbe goti ni la kweli," akaanza kutembea.

Kulikuwa kumenyesha. Matope ya Theta yanashika kiatu yakakataa kukirudisha. Nilibeba laptop, yeye akabeba mwavuli, na mwavuli aliufunika juu ya laptop, si juu yangu. Kwenye kila lango alinitambulisha namna moja.

"Hodi. Mnanikumbuka? Huyu mzee ndiye fundi aliyepoteza majina yenu. Amekuja kuomba tena."

Watu walinitazama kutoka juu mpaka kwenye matope. Mama mmoja mwenye mapacha alikataa kabisa. "Mimi nilishasema," akasema. "Na tarehe nilitafuta kwa kadi, na kadi ilikuwa chini ya kitanda. Sirudi huko." Nikamwomba. Akaniambia niingie nitafute mwenyewe. Nikainama na goti langu chini ya kitanda cha watu, nikatoa kadi mbili, nikaandika majina ya watoto, nikaandika chanjo ambazo hawajapata. Kwa miaka yote ya kazi sikuwa nimewahi kujua kilichomo ndani ya yale mafaili. Nilijua ukubwa wake tu. Niliona haya pale sakafuni, na sioni sababu ya kuwaficha.

Baada ya kila nyumba Consolata alisimama njiani.

"Umehifadhi?"

"Nimehifadhi."

"Mara mbili?"

Basi nahifadhi mara ya pili, yeye akiangalia. Nyumba thelathini na moja, kila moja mara mbili. Saa sita aliketi kwenye jiwe akatoa ndizi mbili kwenye mfuko, akanipa moja. Ilikuwa ndizi nzuri.

Alhamisi tulimaliza. Ijumaa orodha ilipatana, nyumbani na safari, bila swali lolote kwenye kioo. Barua yake ilitoka mwezi uliofuata, na watoto wakaja. Bwana Mwaura aliiondoa ile ripoti ya saa mbili. Hakusema kwa nini, na sisi hatukumwuliza.

Na Mama Kui? Consolata alikaa muda mrefu bila kumsalimia. Mama Kui akamshonea kitambaa cha laptop, cha kijani, chenye matundu makubwa. Consolata akakitumia kupangusia matope viatuni, mbele yake. Baada ya miezi kadhaa nilipita Ruiru nikaona kile kitambaa kimefuliwa, kimeanikwa dirishani kwa Consolata. Ile karatasi ya maneno ya siri niliirarua siku ileile ya mkutano, na ninyi mkiona karatasi kama hiyo mahali popote, irarueni kwanza, chai baadaye.

Ukutani kwangu nilibandua SEVA HAIDANGANYI. Seva kweli haikudanganya. Iliniambia kwamba mtu alifungua mlango kila siku, na mtu alikuwa amefungua. Nikaandika mengine: ULIKUWA WAPI? Wageni walidhani ni kwa ajili ya wanaochelewa.

Siku hizi mambo yote mnaweka huko mawinguni, mnasema haya hayapo tena. Labda. Kuku wangu wawili wanajibu jina moja, na kila asubuhi napaswa kuamua ni yupi ameshakula.

Wiki yangu ya mwisho kazini, kabla ya saa mbili, simu ililia.

"Halo, fundi. Ni Consolata. Desktop yangu imefungwa."

"Consolata gani?" nikauliza.

"Yule wa nyumba thelathini na moja."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Theta, kule chini. Mama mapacha anakusalimia. Anauliza kama umeshapoteza majina tena."

Nikamwambia angoje saa tatu nzima. Nikaenda choo, nikarudi, nikapiga nakala, ndipo nikamfungulia.